Mota Niliyoificha Ndani ya Gemu ya Mkurugenzi

Jumatatu, 10 Juni
Mvua tangu asubuhi. Kikao cha gemu yetu mpya ya mkononi. Nikasema lazima itetemeke: mchezaji akipigwa, viganja vijue. Bi Kuwabara wa idara ya betri akasema mtetemo unakula chaji, na gemu ikiwekwa mezani italia kama nyuki ndani ya mkebe. Watu wakacheka. Mkurugenzi Tokieda hakucheka, ila aliandika neno "nyuki". Ataamua Ijumaa. Miaka kumi na tisa hapa Osaka nabuni vitufe. Vitufe tu. Ijumaa hii ni yangu.

Jumanne, 11 Juni
Mpango. Nitaficha mota ya kutetemesha ndani ya sampuli ya mkurugenzi. Atanogewa bila kujua kwa nini. Mota ndogo zimekwisha stoo. Nimepata moja ya kiti cha kukanda mgongo. Imeenea vizuri, baada ya kutoa spika. Na nusu ya betri.

Jumatano, 12 Juni
Mkurugenzi kacheza kantini, saa ya chakula. Adui wa kwanza kumpiga tu, gemu ikamponyoka, ikatambaa mezani, ikapita sahani ya kamba wa tempura, ikatumbukia kwenye bakuli lake la tambi za udon. Humo ikaendelea kutetemeka. Supu ikamrukia Bi Kuwabara kwenye miwani. Akaifuta taratibu, akauliza kulikoni. Nikasema ni hitilafu ya betri. Nani humdanganya mtu wa betri kuhusu betri? Mimi.

Alhamisi, 13 Juni
Mpango mpya. Ogiso, mjaribu gemu wetu, ni kiziwi tangu utotoni. Nikamwandikia hotuba ya kurasa nne aisome mbele ya mkurugenzi kwa lugha ya alama. Yenye machozi. Akaipitia, akaniandikia kwamba ni ndefu na kwamba yeye hajawahi kulilia gemu. Akataka kucheza tu. Mkurugenzi akaja kutazama. Nikampa Ogiso sampuli yenye mota yangu, imeshakauka supu. Dakika mbili, akaiweka chini akisugua vifundo vya mikono.

Ndipo Bi Kuwabara akatoa sampuli nyingine mkobani. Mota yake nyembamba kama kifungo cha shati. Kumbe ana miezi miwili anaipima.

Ogiso akacheza. Mara akamgeuza mpiganaji wake kabla adui hajatokea kwenye skrini. Akasimamisha mchezo, akaandika, akatuonyesha: "Wa nyuma nimemjua kwa viganja. Siku zote hunimaliza huyu."

Bi Kuwabara akageukia dirisha, akavua miwani, akaifuta tena. Nikawakumbusha wote kwamba mimi nilisema tangu Jumatatu.

Ijumaa, 14 Juni
Uamuzi: gemu itatetemeka. Kwa mota ndogo, na asiyetaka ataizima. Msimamizi, Bi Kuwabara. Nikamfuata kwenye korido, nikamuuliza mbona alinipinga.

"Sikupinga mtetemo, Bwana Shigemori," akasema. "Nilikupinga wewe. Huwa hupimi kitu."

Maneno mazito. Nitayatafakari.

Mimi nimepewa ukurasa mmoja wa kitabu cha maelekezo: jinsi ya kuzima mtetemo. Nimeanza papo hapo. Nimeuweka mwisho kabisa, baada ya usafishaji wa skrini, kwa herufi ndogo kama ufuta. Hatua kumi na nne. Kuuzima kwenyewe ni hatua mbili. Hizo nyingine nimezibuni.