Malalamiko Dhidi ya Skauti Aliyemsifu Mjukuu Wangu

Bi. Verna Tollefsrud,
Pine Kettle, Minnesota.
Aprili, na theluji bado ipo.

Kwa Mkuu wa Uteuzi wa Wachezaji,
Timu ya Nge wa Tucson,
Arizona.

Ndugu Mkuu,

YAH: SKAUTI WAKO KUMSIFU MJUKUU WANGU KUPITA KIASI

Salamu nyingi kutoka huku kwetu kwenye baridi. Natumaini hujambo, na kwamba jua la huko linakuchoma kwa kiasi tu.

Naandika kwa masikitiko. Wiki iliyopita skauti wako wa kutafuta wachezaji, Bwana Desmond Pruitt, alifika kwangu kuuliza habari za mjukuu wangu Bode, ambaye chuoni anacheza mpira wa Kimarekani, mstari wa mbele, miongoni mwa wale wanene wanaomkinga mrusha mpira asivunjwe mbavu. Alikuwa ameshamhoji kinyozi wa Bode, mchungaji wetu, na hata mwalimu aliyemfundisha kufunga kamba za viatu. Nikamkaribisha mezani. Akala viazi vyangu vya kuokwa na nyama ya kusaga, akaongeza, kisha akafuta bakuli kwa mkate. Aliposhiba akasema, "Bibi, huyu si mchezaji, huyu ni ukuta wenye adabu! Nakwenda kuwaambia wakubwa wamchukue raundi ya pili, kabla wengine hawajashtuka."

Ndugu Mkuu, mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mtu mzima anayelipwa na ninyi ameshinda kwangu mchana kutwa, na ameondoka bila hata kosa moja la kuwapelekea! Mimi ni mwanamke mkweli, tena mweka hazina msaidizi wa kanisa. Nimeona nimalizie kazi aliyoiacha nusu.

Kabla sijaendelea, niseme wazi nisije nikadhaniwa vibaya. Ni kweli kwamba katika uteuzi wa wiki ijayo, ambapo timu huchukua vijana wa vyuo kwa zamu, walio bora kwanza, zamu yenu ya raundi ya pili inafuatwa na zamu ya Wapasua Barafu wa Duluth. Ni kweli kwamba uwanja wa Duluth uko mwendo mfupi wa gari kutoka jikoni kwangu, na kwamba mkimwacha Bode, wao watamdaka kabla hajagusa chini, naye atakuwa anakula kwangu kila Jumatatu. Ni kweli pia kwamba naandika nikiwa nimevaa kofia yao, lakini hiyo ni kwa sababu ya baridi. Hayo yote hayahusiani hata kidogo na malalamiko yangu, ambayo ni haya:

1. Anakula. Siku ya Pasaka alimaliza paja zima la nguruwe, kisha akauliza kwa upole kama kuna mtu mwingine ambaye angependa kula. Baada ya hapo akaosha vyombo vyote, hata sufuria iliyoungua. Wajomba zake hawajamsamehe mpaka leo, maana wake zao wameanza kuuliza maswali.

2. Anavunja viti. Kwangu amebakiwa na ruhusa ya kukaa kwenye sanduku la kuni, au kusimama. Kiti kimoja hata kukigusa sijamruhusu, cha marehemu mume wangu, na hicho nakilinda kama mboni ya jicho. Kanisani tunamweka mwisho wa benchi. Jumapili moja alipoketi, Bi. Ekdahl, ambaye ni mwembamba na alikuwa ncha ya pili, alipanda juu katikati ya sala. Alisema "Amina" akiwa hewani. Je, uwanja wenu una mabenchi ya kuhimili hayo?

3. Ni mpole mno kwa kazi hii. Mwaka jana alimwangusha kijana wa timu pinzani, akamwinua, akampangusa majani mgongoni, akamuuliza hali ya mama yake. Kocha akapiga kelele uwanja mzima ukasikia: "Tollefsrud! Nimekwambia umwangushe, sikukwambia umchumbie!" Bode akamwomba msamaha kocha, akamwomba msamaha yule kijana, kisha akamwangusha tena, vizuri zaidi. Mama wa yule kijana hututumia kadi kila Krismasi. Sasa timu gani inataka mchezaji anayependwa na mama za maadui?

4. Ni mzito wa mbio. Gazeti moja la michezo limeandika kwamba alipopimwa mbio alikwenda "kama friji linaloshushwa ngazi." Nilisoma maneno hayo nikasimama peke yangu jikoni nikayajibu kwa sauti. Friji! Huyo mwandishi amewahi kusimama mbele ya friji linalomjia? Mlinzi wa mstari wa mbele hakimbii, watu ndio wanaomkimbia! Na kama hamuamini, mwulizeni jirani yangu Gunnar Hjelmstad, ambaye majira haya ya baridi alikuwa amekaa kwenye kibanda chake cha kuvulia samaki katikati ya ziwa lililoganda wakati barafu ilipoanza kulia chini yake. Bode alikimbia kutoka ufukweni, akashika kibanda, akakivuta mpaka nchi kavu, kibanda na Gunnar ndani na birika la kahawa halijamwagika. Gunnar alitoa kichwa dirishani, kamba ya ndoana bado mkononi, akasema, "Nilidhani nimenasa samaki mkubwa, kumbe nimenaswa mimi."

Samahani, nimetoka nje ya mada. Nilichotaka kusema ni kwamba ndiyo, ni mzito wa mbio.

5. Haliwezi joto. Huyu alizaliwa wakati wa tufani ya theluji, na Januari hulala dirisha wazi. Ikifika Juni anakwenda kukaa kwenye ghala la viazi chini ya nyumba, naye huzungumza na watu kupitia mlango. Mkimpeleka Tucson, siku ya kwanza atamaliza barafu ya timu. Siku ya pili atamaliza ya hoteli, ya hospitali na ya wauza samaki. Wananchi wataandamana na glasi zao za vinywaji vya moto, gavana ataitisha kikao, na mtalazimika kuagiza barafu kutoka Duluth. Watu wa Duluth nawajua. Hawatawauzia.

6. Anampenda bibi yake. Hili nimeliweka mwisho kwa kuwa ndilo kubwa. Nimemlea tangu mwanangu Arvid, baba yake, alipotutoka, na mama yake akaenda zake magharibi asirudi. Hunipigia simu kila Jumapili. Jumapili moja alipiga sikupokea, nilikuwa chini ghalani natafuta chupa za jemu. Aliendesha gari kutoka chuoni katikati ya dhoruba, akaingia na theluji mpaka kwenye nyusi, akanikuta nimekaa nalamba kijiko. Akasema, "Bibi, ukinifanyia hivi tena nitakufunga kengele shingoni kama ng'ombe." Kisha akakaa sakafuni akalia, mtu mkubwa vile, nami nikampa jemu. Mchezaji wa namna hiyo akiwa mbali, moyo wake utakuwa wapi mnapouhitaji? Na moyo wa bibi yake je? Lakini la bibi yake si la kamati yenu, lifuteni.

Kutokana na hayo, naomba kwa heshima zote mfanye yafuatayo. Kwanza, zamu yenu ikifika, mtaje jina la mtu mwingine yeyote. Nasikia kuna kijana kutoka Florida anayekimbia kama amechokoza nyuki, tena amezoea jua. Pili, Bwana Pruitt akanywe kwa kusifu ovyo. Tatu, ikiwa mmekwishamwandika Bode kwenye orodha yenu, mmfute. Ila nimesikia uvumi kwamba baadhi yenu mnamweka raundi ya sita, na hilo nalo nalilalamikia vikali. Raundi ya sita! Mmekosa haya? Kama hamumtaki, msimtake kwa heshima inayomstahili, katika raundi ya pili.

Nisalimie wachezaji wote, hasa wanaotoka sehemu za baridi, nao wavumilie. Nisalimie makocha, wapishi, na mama anayefua jezi, maana najua anachopitia. Msalimie na Bwana Pruitt, na umwambie kofia yake aliisahau kwangu. Nimeishona palipotatuka.

Wako katika ujenzi wa timu, iwe yenu au ya majirani,

Verna Tollefsrud (Bi.)

TANBIHI: Ndugu Mkuu, mambo yameharibika. Nilikuwa natafuta stempu kwenye droo, Bode, aliyekuja likizo, akaingia kutoka kuzoa theluji, akaiona barua mezani, akaisoma yote. Alicheka mpaka akasahau sheria za nyumba hii akakaa kwenye kiti cha marehemu. Kiti hatunacho tena. Akiwa pale chini kati ya vipande alisema, "Bibi, lakini mimi natamani Tucson."

Nikamuuliza ni nini kimempata. Akasema, "Kila Krismasi ulinitilia chungwa kwenye soksi ya zawadi. Nataka kuona mti linakotoka. Na Bwana Pruitt nilimuuliza kama huko magoti ya wazee yanauma, akaniambia huko wanayasahau kama wanayo. Nilikuwa nimepanga nikichaguliwa twende wote. Nikaona nisikwambie mapema, nisije nikakosa ukaumia."

Nilikaa kwenye sanduku la kuni nikalia, naye akanipa jemu.

Njia ya mwongo ni fupi. Yangu imeishia hapa jikoni. Nilitaka kuichana barua hii, akanizuia. Amesema, "Ipeleke hivyo hivyo, Bibi. Wakinitaka baada ya kuisoma hii, basi wananitaka kweli." Basi naomba uchukue kila kosa nililoandika hapo juu, kuanzia la kwanza hadi la sita, ukaligeuze kama soksi. La joto ni la kweli, lakini atazoea, na barafu nitakuja nayo.

Duluth wakipiga simu nitawaambia anavunja viti. Ninyi mchukueni. Kiti chake kiwe cha chuma, na changu mkiweke karibu na mchungwa.