Mimi Bosi wa Vibarua Wasioonekana

Jumanne, 4 Machi
Nimekuwa bosi! Msaidizi wa akili bandia kwenye simu yangu anatoa vibarua wasioonekana. Wanachapa kazi kimyakimya huku mimi nimelala chali. Nimeajiri wawili. Mpwa wangu anaolewa Jumamosi, na niliapa mbele ya ukoo mzima kwamba viti natoa mimi, bure. Ninavyo mia na ishirini, vya kukodisha. Lakini kwa nini nipoteze hela ya Jumamosi? Kibarua wa Kwanza avikodishe kwingine siku hiyohiyo. Wa Pili atafute vya bei poa vya harusi. Akili zote hizi, sijui nitazipeleka wapi!

Jumatano, 5 Machi
Wa Kwanza kapata mteja mwenye harusi. Wa Pili kapata mwenye viti: mia na ishirini, vyeupe, kimoja kimefungwa mguu kwa waya wa buluu. Nimecheka! Hata mimi ninacho kama hicho, ila huwa nakificha nyuma. Mke wangu kasema nifungue nisome vibarua wanaandikiana nini na hao watu. Nikamwambia bosi hachungulii.

Alhamisi, 6 Machi
Wa Kwanza: mteja anabana bei. Nikaagiza: kaza! Wa Pili: mwenye viti kakaza. Nikaagiza: mwambie viti vyake ni kuni! Mara Wa Kwanza tena: mteja kasema viti vyetu ni kuni. Viti vyangu? Nilivyovipaka rangi kwa mikono yangu? Mfukuze!

Ijumaa, 7 Machi
Balaa! Wa Pili kasema mwenye viti katufukuza. Dada yangu, mama wa bibi harusi, kapiga simu: "Kaka, wageni wangu wasije wakakaa chini!" Nikamwambia atulie, ana kaka. Halafu nikakaa chini mimi, jasho linanichuruzika. Mke wangu kafungua stoo, akanionyesha viti vyangu.

Jumamosi, 8 Machi
Harusi imefana! Mpwa wangu kanikumbatia, eti, "Mjomba, wewe ni mtu wa ahadi." Dada katangaza kwenye kipaza sauti kwamba nimefukuza mteja kwa ajili yao. Kweli tupu! Nikalia kuliko bibi harusi. Mke wangu kakaa kwenye kile cha waya wa buluu, ananitazama tu.

Jumapili, 9 Machi
Yule mteja wa kuni hanitoki rohoni. Nimeajiri Wa Tatu amsake. Chai haijapoa, kaleta jibu: mteja anatumia namba yangu na anaishi nyumbani kwangu. Tapeli! Kaniibia mpaka namba! Nimeajiri Wa Nne amkabe, na Wa Tano awasimamie wote. Mke wangu kacheka mpaka kaegemea mlango. Hajui uongozi ulivyo mzito.