Kuhusu Ndege Iitwayo Angèle, Ambayo Waamuzi wa Himbi Wamesema Haikuwahi Kuwepo

Mabanga, Goma, Februari 2024

Kwa Bwana Injinia Rémy Namegabe,
Mwenyekiti wa Waamuzi,
Shindano la Ndege Ndogo za Kuunganisha,
Himbi.

Bwana Mwenyekiti,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, umekaa kwenye kiti chako chenye mto, ukitazama ziwa. Mimi pia ni mzima, ila moyo wangu umechafuka tangu Jumamosi, na sababu ni wewe. Naitwa Evariste, mwalimu wa jiografia. Ndimi mwenye ile ndege nyeupe ya mkia wa buluu ambayo mliiweka kwenye meza ya watoto, kati ya mtumbwi wa karatasi na twiga wa udongo. Nakuandikia kwa heshima zote nilizobaki nazo. Si nyingi, lakini nadhani zitafika mwisho wa barua.

Kwanza nikueleze ndege yenyewe, maana siku ile hukunipa nafasi. Angèle ilikuwa ya mzungu mmoja mwenye shamba la kahawa huko Masisi kabla ya uhuru, naye aliipa jina la binti yake. Mama yangu, Mama Ernestine, alikuwa mtoto wa mpishi wake. Siku moja alipandishwa, akazungushwa juu ya malisho ya ng'ombe, akarudishwa chini salama. Tulipokimbia vita vya Masisi mwaka 1993, mimi na dada yangu Charline tukiwa wadogo, Mama alitusimulia habari za ndege hiyo njia nzima, kwa miguu, mpaka hapa. Alisema bado iko, imeegeshwa Goma, na tukifika tutaiona. Tulipofika tukakuta watu wengi na vurugu nyingi, na Mama akasema tumechelewa, imeshaondoka. Nililia sana. Siku ile niliapa kwamba nitaijenga mwenyewe.

Vipande nilivipata soko la Virunga, ndani ya gunia. Zamani, wakimbizi walipojaa mji huu, wasamaria wa Ulaya walituma makatoni ya ndege za plastiki za kuunganisha. Watu waliomba maharagwe, wakaletewa mabawa. Makatoni yakalowa mvua, karatasi za maelekezo zikaoza, vipande vikachanganyika, mwisho vikaangukia mikononi mwa mama mmoja muuza vyombo chakavu, ambaye alikuwa akivitumia kuzuia meza yake isiyumbe. Nimevichambua, nimevikata, nimevipiga msasa. Pua ya Angèle imetoka kwenye ndege ya kivita, tumbo kwenye ndege ya abiria, madirisha kwenye meli, magurudumu kwenye lori. Sijaficha hata kimoja.

Sasa malalamiko.

1. Ulisimama mbele ya ukumbi mzima, ukavua miwani, ukasema: "Papa, avion ya namna hii haijawahi kuwako." Ulijuaje? Ulifungua kitabu chenye picha, ukapekua, hukuiona. Bwana Mwenyekiti, katika kitabu hicho Nyiragongo pia haimo. Je, lava iliyopita juu ya nyumba ya shangazi yangu kule Murara ilikuwa mawazo ya shangazi? Aende akayaambie mawe yale kwamba hayamo kitabuni?

2. Madame Valérie, mwamuzi mwenzako, alihesabu mapangaboi kwa ncha ya kidole: la injini ya kwanza lina mapanga mawili, la pili matatu, la tatu manne. Kisha akatabasamu vile watu wa Himbi wanavyotabasamu wakiona mtu wa Mabanga amevaa tai. Lakini mimi sikubuni kitu. Nina shahidi, na ushahidi wake nimeuchunguza kama mwalimu. Pale Mushaki, Charline alipokaa chini na kukataa kutembea, Mama alikumbuka kwamba ndege ilikuwa na madirisha ya mviringo. Kabla ya Sake, malengelenge yangu yalipopasuka, alikumbuka injini ya tatu. Karibu na Mugunga sote wawili tulilala kabisa kando ya barabara, na hapo akakumbuka mkia wa buluu na kabati la biskuti nyuma ya rubani. Mtu mwongo husema machache, tena kwa woga. Mama yangu kila tulipochoka alikumbuka jambo jipya. Ushahidi gani mwingine mnautaka?

3. Mwamuzi wa tatu, Bwana Émile, alipoacha kidogo kutazama simu yake, alitoa hukumu kwamba kitu kilichounganishwa kwa vipande vya katoni mbalimbali si ndege, ni mabaki. Hapo ndipo niliposhika kichwa. Nyumba ninayokaa ni ya mbao zilizotoka nyumba tatu; mlango umetoka Murara baada ya lava, na dirisha lilikuwa la kanisa. Kwa sheria ya Bwana Émile mimi nalala nje. Chukudu, zile baiskeli za mbao za kusukuma zinazowaletea ninyi viazi, zina matairi yaliyokatwa kwenye gari lililokufa, kwa hiyo viazi mnavyokula havijafika. Mji wenyewe ni watu wa Masisi, wa Beni, wa Butembo, wa Bukavu, wamebandikwa pamoja, na gundi haijakauka bado, kwa hiyo naomba mtuambie tunaishi wapi. Na mapatano ya amani je? Kila mwaka wanachukua kiwiliwili cha mapatano ya zamani, wanakipachika mabawa mapya, wanapiga picha, na hakuna mwamuzi anayeuliza kama kiliwahi kuruka. Nimeona kwa macho yangu ndege ya kweli yenye mlango wa rangi moja na mwili wa rangi nyingine, na watu wakaipanda wakifanya ishara ya msalaba. Hiyo hamkuiweka kwenye meza ya watoto.

4. Kombe mlimpa Bwana Wenceslas, ambaye kwa bahati njema ni jirani yako. Ndege yake nimeitazama vizuri. Vipande vyote vilitoka katoni moja, kila kipande kina namba, na karatasi ilimwonyesha kwa picha aweke wapi na abane kwa muda gani. Hata gundi ilikuja na brashi yake. Hiyo si kujenga, ni kutii. Mpeni cheti cha utii, nami nitampigia makofi.

5. Hili ndilo linalonikosesha usingizi. Mama alikuwa ukumbini, amevaa kikwembe chake cha Pasaka. Madame Valérie alimwinamia, akapaza sauti kama anasema na kiziwi: "Labda Mama amesahau kidogo." Bwana Mwenyekiti, Mama yangu hajasahau hata jina la mbuzi aliyemwacha Masisi. Aliangalia sakafu, akasema twende nyumbani. Jioni aliniomba nisiandike barua hii. Leo asubuhi, akitwanga majani ya sombe, aliniomba tena, akaongeza kwamba watu wa Himbi nao wana akili zao, niwaache. Nilielewa mara moja. Mtu aliyetukanwa kiasi hicho hataki hata jambo litajwe. Neno lake ndilo mali pekee aliyovuka nayo kutoka Masisi, na ninyi mmelitupa mbele ya watu. Nimeumia, na nasema wazi kwamba nimeumia.

Kwa hayo yote naomba yafuatayo, nayo si makubwa. Kombe litoke kwa Bwana Wenceslas lije Mabanga. Kuanzia mwakani, ndege yoyote iliyotoka katoni moja inyimwe zawadi kwa kosa la uvivu. Uwanja wa ndege uandike jina la Angèle kati ya ndege zinazosubiriwa. Na ninyi waamuzi watatu mwende kwa miguu mpaka Masisi mkatafute malisho ilipotua, kwa njia ileile tuliyoshuka nayo, kila mmoja na godoro kichwani ili uchunguzi uwe wa haki. Najua wiki hizi barabara haipitiki vizuri. Hata kwetu sisi haikupitika. Mkichoka, mketi chini, msimuliane habari za ndege, mtaona kama zinasaidia.

Nisalimie Madame Valérie na kidole chake, Bwana Émile na simu yake, Bwana Wenceslas na karatasi yake ya maelekezo, mlinzi wa geti aliyeniuliza kama nimeleta mkaa, na wote wanaokula viazi hapo kwenu. Mama angewasalimu pia, lakini nimemkataza.

Wako niliyekosewa,
Mwalimu Evariste

N.B. Barua hii ilikuwa tayari imefungwa, mvua ikanizuia kuileta. Imebidi nifungue bahasha.

Mvua ikiwa bado inanyesha, dada yangu Charline ameingia na watoto wake. Aliolewa kulekule Masisi, na wametoka huko kwa miguu kupitia Sake, kwa sababu ya mabomu mnayoyasikia na ninyi huko Himbi. Mdogo wao, Prodige, miguu imevimba, hakuomba maji wala chakula. Alisimama mlangoni, akatazama kila pembe ya nyumba, akauliza: "Avion iko wapi?"

Mimi nilimtazama Charline. Charline alimtazama Mama. Mama aliweka mchi chini, akasema bila kuniangalia: "Ile avion haikukuwako, Evariste. Kila mulipokaa chini, mi naongeza kitu, njo munasimama." Mpishi hakuwepo, wala mzungu, wala binti yake. Charline akasema hata yeye hakujua mpaka juzi pale Mushaki, Prodige alipokaa chini akakataa kusimama, naye akasikia mdomo wake mwenyewe ukisema kuna ndege nyeupe Goma, mkia wa buluu, inawasubiri.

Kwa hiyo, Bwana Mwenyekiti, ulisema kweli, na kitabu chako ni kizuri. Nafuta malalamiko yote, isipokuwa la nne. Hata hivyo, kombe Bwana Wenceslas abaki nalo.

Lakini ndege yangu, ambayo bado iko kwenye ile meza ya watoto, naihitaji leo, kabla mtoto hajalala. Mpe huyu kijana wa pikipiki anayekuletea barua, na umwambie asiishike mkia. Tena, kwa unyenyekevu, kama Bwana Wenceslas amebakiwa na pangaboi katika katoni yake, la aina yoyote, anitumie. Kabla ya Sake Prodige alikaa chini tena, na mama yake akaongeza injini ya nne.