Kizibo Kipya cha Gobore la Baba

Jumatatu, 3 Juni

Mama kanitangazia vita leo asubuhi, huku anachambua mchele. Kasema Jumamosi ndiyo mara ya mwisho. Gobore la baba likigoma tena mbele ya chama kizima cha walenga shabaha, analichukua na kumpa dada. Dada! Mtu ambaye hata msumari anaugonga kwa kisigino cha kiatu. Nikamkumbusha kwamba mtoto wa kiume ni mimi. Kasema gobore halijui hilo.

Niweke mambo sawa. Kila mwaka, siku ya kulenga shabaha, baba ndiye aliyekuwa akifungua kwa mlio mmoja. Gobore lake ndilo kongwe kuliko yote chamani, kwa hiyo heshima ni yetu. Tangu atutoke, mpigaji ni mimi. Mwaka juzi likalia tak, basi. Mwaka jana tak. Watu wakakohoa kwa adabu, Katibu akafungua kwa la kwake.

Kosa si langu. Kosa ni la kizibo, kile kipande cha chuma kinachoziba nyuma ya mtutu na kupitisha moto wa fataki, kile kikofia kinacholipuka kikigongwa, uifikie baruti. Cha baba kimechakaa, cheusi kama sufuria ya msibani. Nitanunua kipya. Mama ataona.

Jumanne, 4 Juni

Kwa fundi chuma, gobore begani. Alikuwa na vizibo viwili vinavyoingia kwenye mtutu wetu. Kimoja tundu lake refu na jembamba. Kingine fupi, pana kidogo, moto hauzunguki sana. Kasema hicho kifupi kinawasha upesi, ila hata cha baba kingewaka kama kingekuwa kikavu na tundu likawa wazi. Akauliza mara ya mwisho nilikisafisha lini. Nikamwambia nimekuja kununua, sikuja kuhojiwa.

Nimechukua kifupi. Kinang'aa. Fundi alikizungusha mtutuni kwa mkono, meno yake ya skrubu yakashikana vizuri, akasema nipake grisi kidogo kwenye meno kisije kikaganda. Aliongeza jambo kuhusu tundu, lakini mimi nilikuwa nimeshaanza kujitazama usoni mwa kizibo. Ndevu zinanipendeza.

Alhamisi, 6 Juni

Nimetandika magazeti mezani na kulifungua gobore, kama alivyokuwa akifanya baba. Harufu ile! Mafuta, chuma, baruti ya zamani. Nilikaa bure muda mrefu, mikono imeshika mtutu. Baba alikuwa akiimba puani akifanya kazi hii. Kizibo alikiloweka kwenye kikombe cha mama cha chai, mama akapiga kelele, yeye akaapa kwamba hatarudia, na wiki iliyofuata kikombe kilekile. Nimemkumbuka mpaka nikajiona mjinga.

Alikuwa na mambo yake ya ajabu pia. Kabla ya kushindilia baruti alilielekeza gobore tupu kwenye jani chini, akapiga fataki moja ya bure. Jani likitikisika, anatabasamu. Hilo aliliita kupiga hodi. Nilipokuwa mdogo niliamini anayasalimia majani. Mzee wangu alikuwa na roho nzuri, hata majani aliyaheshimu. Lakini fataki siku hizi ni adimu, mimi siwezi kuzichezea hivyo.

Grisi kidogo, alisema fundi. Kidogo ni ya watu wasiopenda vitu vyao. Nimepaka meno, nimejaza tundu, nimemalizia na mafuta ya cherehani ndani ya mtutu. Dada kapita, kauliza kama nalipiga au nalikaanga. Wivu ni ugonjwa.

Ijumaa, 7 Juni

Nimetumia akili. Nimemwambia dada kwamba shughuli imesogezwa mpaka jioni. Kanitazama. Kasema ndiyo maana basi Katibu amemwomba akapange viti asubuhi.

Nimefanya mazoezi ya hotuba mbele ya kioo. Sehemu ya kumshukuru mama nimeikata.

Jumamosi, 8 Juni

Sitaki kuandika. Naandika.

Mama kiti cha mbele, kitambaa mkononi. Nikavuta. Tak. Nikaweka fataki nyingine. Tak. Mtu nyuma akakohoa, nikamjua kwa kikohozi chake, ni yuleyule wa mwaka jana. Katibu akaamuru baruti itolewe. Ikatoka imelowa, nyeusi, inanata. Akainusa vidoleni, akauliza kama nimeikaangia maandazi.

Mama akamtazama dada.

Dada akalichukua. Akafuta mtutu kwa matambara mpaka la mwisho likatoka kavu. Akachomoa pini ya nywele, akazibua tundu. Kisha akalielekeza gobore tupu kwenye jani, akapiga fataki. Jani likatikisika. Kumbe naye alikuwa akimwangalia baba siku zile, na mimi nilidhani yuko jikoni. Akashindilia upya, akasimama mguu wa kushoto mbele, midomo ameibana. Alifanana naye hata nikaogopa.

Likalia. Madirisha ya ofisi ya chama yakatetemeka, moshi ukatufunika wote, na ile harufu ikanifikia, harufu ya koti la baba akirudi nyumbani nasi tukigombania kumvua. Nililia. Nilisema ni moshi. Moshi ulipotawanyika mama alikuwa amesimama wima, kitambaa usoni. Miaka yangu yote miwili hakuwahi kusimama.

Jumapili, 9 Juni

Gobore ni la dada, rasmi. Nyumba nzima inamsifu. Mkono wake, utulivu wake, pini yake. Hakuna hata mmoja aliyekitaja kizibo! Nani alikichagua? Nani alikipaka? Ule mlio ulikuwa wa kizibo, dada alivuta tu.

Nimemwambia wazi: gobore ni lako, kizibo ni changu. Nilitegemea atanibembeleza. Kanipa spana. Nilipomaliza kukifungua akarudisha kile cheusi cha baba, alikuwa ameshakisafisha. Mchana nimesikia mlio kutoka uwanjani, halafu mwingine. Bahati tu.

Kizibo changu kiko hapa mezani, kinang'aa. Nimekijaza grisi kisipate kutu. Kazi kubwa nimeshaimaliza. Kilichobaki ni kutafuta gobore linalokitosha.