Herufi Zilizoliwa na Mende

Jumatatu, 3 Juni

Likizo imeanza. Nimefika kijijini na mke wangu, mabegi mawili, na siri moja iliyoviringishwa ndani ya mwavuli. Siri yenyewe ni ramani. Ya zamani! Ilichorwa na wapima ardhi kabla marehemu baba yangu hajaoa. Niliikuta masjala, ninakofanya kazi, chini ya kabati la majalada, imeandikwa "ya kutupwa". Sikuiiba. Nimeitupa huku.

Karatasi ina rangi ya chai. Vilima ni mistari ya kahawia, mmoja ndani ya mwingine, kama alama ya dole gumba. Nyumba ni vidoa vyeusi. Njia ni nukta nukta. Nimeitandaza kitandani, nikaitazama mpaka nikahisi upepo. Mke wangu akauliza yeye alale wapi, bondeni au mtoni.

Sasa lililonileta. Ijumaa kamati ya kijiji inachagua jina la kilima chetu, kibao kiwekwe barabarani. Miaka yote tumekiita Kilimani tu. Shemeji, kaka wa mke wangu, anataka kipewe jina la marehemu baba yao. Eti mzee alichunga mbuzi kule. Mbuzi! Kwenye ramani yangu kina jina tayari: "Mlima wa M", kisha tundu. Herufi zilizobaki wamekula mende. Lakini babu yangu alifanya kazi na wapima wale. M ni ya Mzee. Au ya Mkuu. Nitaamua baada ya kula.

Jumanne, 4 Juni

Nimeamka mapema kuifuata njia ya nukta, kutoka kisimani hadi kilimani. Kisima hakipo. Pana banda la kuku. Nikaanzia kwa kuku.

Ajabu ya kutembea na ramani ya kale: macho yanaona mara mbili. Juu shamba la maharage, chini yake soko. Mti mmoja mkavu, na kwenye karatasi msitu mzima. Penye vidoa vitatu vyeusi palibaki majani na mawe ya jiko yaliyozama ardhini. Nikajikuta napiga hodi. Kwa sauti. Ukungu ulikuwa haujainuka. Nilisubiri kidogo, kwa adabu, nikaendelea.

Njia ikapita katikati ya sebule ya fundi seremala. Si kosa langu, njia ilitangulia. Nikamweleza kwamba hii ni barabara ya umma, na mvamizi ni yeye. Alikuwa anakunywa chai. Alinisikiliza mpaka mwisho, akafungua mlango wa nyuma, akasema nipite salama ila nisikanyage gundi.

Nilikanyaga gundi. Viatu vimeota manyoya ya mbao.

Alhamisi, 6 Juni

Shemeji amesikia. Alikuja akijifanya anaazima jembe. Akasema jina lenye tundu si jina. Nikasema mbuzi si historia. Mke wangu akatukumbusha kwamba marehemu ni baba yake na mimi ni mume wake, na atakayetaja kilima mezani atakula nje. Tulikula nje wote wawili. Kilima kilikuwa mbele yetu, cha bluu, kimelalia ubavu, na kwa dakika chache nilisahau tunagombea nini.

Nikakumbuka. Nikaenda kwa fundi saa kuazima lenzi yake. Nimelipima tundu kwa rula: herufi sita kamili. T, u, k, u, f, u! Mlima wa Mtukufu! Nimebandika kipande cha karatasi kwa nyuma, nikakilowesha kwa chai kifanane, nikaziandika herufi kwa penseli. Kughushi? Hapana. Nimerudisha walichochukua mende.

Ijumaa, 7 Juni

Kamati ilikaa darasani, kwenye madawati ya watoto, magoti yakigusa masikio. Nilihutubia. Nikasema babu alisimama kileleni na bendera ya wapima, na ardhi yote hii ikapimwa kutoka mabegani mwake. Watu wakatulia. Hata shemeji aliacha kutafuna. Nilijisikia mrefu, mita mia kadhaa juu ya usawa wa bahari.

Kisha katibu wa kamati, mama mpole mwenye miwani, akakohoa. Akasema na yeye aliiandikia ofisi ya ramani mwezi uliopita, wakamtumia nakala ya ramani hiyohiyo. Safi. Isiyo na mende. Akaikunjua mezani.

Mlima wa Mlalaji.

Herufi sita, ni kweli.

Nikasema huenda ni makosa ya uchapaji. Hapo shangazi yangu akainuka kutoka dawati la nyuma.

"Si makosa," akasema. "Huyo ni baba yangu. Walimpa bendera aishike juu kule, wao wakakaa ng'ambo ya bonde wamtazame kwa darubini. Jua likawa tamu. Akalala, bendera akajifunika. Walimngoja mpaka alasiri, mwanangu. Wangeandika nini zaidi ya walichokiona?"

Shemeji alicheka mpaka akakwama kwenye dawati. Ilibidi fundi seremala amchomoe. Mke wangu naye alicheka, mkono mdomoni, mabega yakimcheza. Kura: mikono yote juu. Hata wa shemeji! Jina limepita.

Jumapili, 9 Juni

Nilitaka kufunga mabegi. Shangazi akaja, akanishika mkono, akasema twende juu. Ana miaka themanini na ushee. Alipanda mbele, mimi nahema nyuma.

Juu kuna nyasi fupi, laini, na upepo unaosikika kama shuka linalokung'utwa mbali. Bonde lote lilikuwa chini yetu. Na mistari ya kahawia niliiona, nasema kweli, mmoja ndani ya mwingine, ikishuka polepole hadi mtoni. Njia ya nukta nayo ipo. Nyasi zake ni nyepesi kidogo kuliko nyingine. Ukiwa ndani yake huioni.

Shangazi akasema babu hakuona haya hata siku moja. Alirudi nyumbani jioni ile akawasimulia wanawe kwamba aliota nchi yote imelala kifuani pake kama mtoto mchanga, akaogopa kujigeuza asije akaiamsha.

Nikauliza ni wapi hasa. Akasema hapa, akakaa. Nikajinyoosha chali. Kwa uchunguzi tu. Nilipofumbua macho jua lilikuwa limehamia upande wa pili, na mtandio wa shangazi ulikuwa juu yangu. Sijalala hivyo tangu niajiriwe.

Nimeona nimeelewa jambo. Nimejiahidi kuachana na mashindano. Shemeji nimemsamehe, kimoyomoyo.

Jumatano, 12 Juni

Msamaha umefutwa. Shemeji kanisalimu dukani, mbele ya watu, akiuliza kama mjukuu wa Mlalaji ameshaamka.

Nimeirudia ramani kwa lenzi, robo kwa robo. Na nimepata! Nyuma kabisa ya shamba la shemeji panapita kijito chembamba cha bluu, na kando yake herufi ndogo, zote nzima, hazijaguswa na mdudu: Kijito cha Mwongo. Ha! Kinapita mlangoni kwake! Nimeandika ombi la kibao cha pili, kikubwa kuliko cha kwanza, chenye mshale.

Shangazi kanikuta naikunja barua. Akauliza kijito kipi. Nikamwonyesha. Akakaa taratibu, akasema pale ndipo ilipokuwa nyumba yao zamani, kabla babu hajahamia huku. Na kwamba jioni ile wapima walimfuata babu hadi pale, wakamuuliza mchana kutwa alikuwa wapi, naye akawajibu kwamba...

Sikumsubiri amalize. Wazee wakianza hawana kituo, na katibu hufunga ofisi saa kumi. Nimekimbia njia nzima. Ombi limepokelewa na kugongwa muhuri. Shemeji atanitambua!