Mchanga Wangu na Baraza la Chakula

Jumatatu, 3 Juni

Vita! Baraza la Chakula la kartie yetu, mtaa huu wa kando ya ziwa, limegusa mchanga wangu. Mwanzoni nililicheka. Wavuvi, wakulima wa mpunga wa Luvungi, akina mama wa soko, mpishi wa shule, wote kwenye benchi moja, wanaongea chakula bila kula. Leo Ernestine, mke wa kaka yangu, amesimama akasema ndagala zetu, visamaki vya ziwani, zinakataliwa kwa sababu tunazianika chini. Mbuzi wanapita juu yake, bata wanapita, halafu mtoto wa shule anatafuna mchanga. Anataka vitanda vya kuanikia, vya miti na wavu, kwenye kiwanja cha parokia. Kura ni Jumamosi.

Ule ufuko ni wangu, niliachiwa na baba. Kila mama anayeanika pale ananiachia bakuli ya ndagala. Ndiyo kazi yangu yote. Wakihamia parokia, nitakula nini? Mawimbi?

Jumanne, 4 Juni

Nimepata akili! Nimeenda kwa Papa Thaddée, prezida wa Baraza, nikamwambia kwa heshima kubwa kwamba kura bila kuonja ni siasa tu. Zipikwe ndagala za mchanga na za kitanda. Sahani zifanane, zisiwe na jina, wajumbe waamue kwa ulimi. Amesema ni wazo la muntu mkubwa. Ernestine naye amekubali papo hapo. Maskini. Hajui anashindana na nani.

Ijumaa, 7 Juni

Kaneza, mke wangu, ameosha ndagala zangu mpaka vidole vikakunjamana. Ameniuliza, kama za mchanga ni nzuri hivyo, mbona zinamaliza maji ya kartie nzima. Wake wa siku hizi wanauliza sana.

Zimetoka safi kabisa. Lakini safi mbele ya safi si ushindi. Lazima moja iwe mbaya! Nimejaza mfuko wa suruali. Mchanga laini, wa pembeni mwa maji.

Jumamosi, 8 Juni

Ernestine alipotoka jikoni kuita wajumbe, nikafunua sufuria yake. Konzi moja ya mchanga. Nikakoroga vizuri. Mpishi wa shule akaja, akapakua, akachanganya sahani zisijulikane.

Kwetu, anayeita watu kula ndiye anayeonja kwanza, waone hakuna sumu. Wazo lilikuwa langu, basi nikaitwa mbele. Furaha niliyokuwa nayo! Sahani ya kwanza: tamu, laini. Nikaisifu mpaka wengine wakameza mate. Sahani ya pili: krrr. Nikatema kwenye kiganja, nikakipitisha mbele ya kila mjumbe kama muuza dawa. Mchanga, jamaa! Wenye meno wajihadhari! Wakaonja, wakatema mmoja mmoja. Nilitaka kucheza.

Papa Thaddée akasimama.

“Basi iko wazi,” akasema. “Yenye iko na mchanga ndiyo ilianikwa kwenye mchanga. Asante, Dieudonné. Umesema ukweli, hata kama unakuumiza weye mwenyewe.”

Makofi. Hakuna aliyeuliza ipi ni ya nani. Kwa nini aulize? Nikafungua kinywa. Lakini ningesema nini? Kwamba ile tamu ndiyo yangu, na ile ya kukwaruza ndiyo ya kitanda? Wangetaka kujua mchanga ulipanda kitandani kwa miguu gani. Nikafunga kinywa. Mikono yote ikanyoshwa kwa ajili ya vitanda. Na wangu pia, maana walikuwa wananiangalia.

Ernestine alinisubiri mlangoni. Pilipili yake anaijua: alikuwa ameonja, akatambua sahani yenye mchanga ni yake. Mfuko wangu ulikuwa bado unavuja mchanga, na yeye akauona.

“Shemeji,” akasema polepole, “minye sitasema kitu. Toa ule ufuko wako, vitanda tuviweke palepale. Akina mama watabaki kwako, na bakuli zako utapata. Lakini kuanika chini, shemeji, kumeisha.”

Nikaapa. Mara mbili, kwa usalama.

Jumamosi, 22 Juni

Vitanda vinafanya kazi! Ndagala zinakauka haraka, mbuzi wamenuna. Libérat wa Luvungi ameleta mchele, akabadilisha na ndagala bila kutafuta kasoro hata moja. Shule imechukua magunia. Baraza linanitaja kama mfano wa mtu aliyejitolea. Bakuli zinaingia. Hata Kaneza anacheka.

Ila mchana nimelala chini ya vitanda hivyo, nikageuza kichwa. Mchanga! Mtupu, kutoka nguzo mpaka nguzo, umekaa bure! Baraza limepiga kura kuhusu juu. Kuhusu chini ya vitanda halikusema lolote. Nimeshaongea na akina mama wawili: anayeanika juu, bakuli nzima, anayeanika chini, nusu. Wameniuliza maji ya ndagala za juu yatadondokea wapi. Nimewajibu kwamba yatadondokea ndagala za chini, hiyo ni chumvi yake, na sitawalipisha.