Malalamiko Kuhusu Balbu ya Ukumbi na Wekundu wa Mabega Yangu

Minodora Hrițcu (mjane),
Nyumba ya lango la kijani, nyuma ya kanisa,
Dealu Frasin, Bukovina.
Wiki ya pili baada ya sikukuu ya Mtakatifu Eliya.

Kwa Ndugu Gavril Todireanu,
Mwenyekiti, Kamati ya Maonyesho ya Kufuma na Kushona,
Jumba la Utamaduni, hapa hapa kijijini.

Ndugu Mwenyekiti,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, ng'ombe wako mzima, na lile goti limepoa. Mimi kwa mwili sijambo. Kwa jina hali yangu ni mbaya, na ndiyo sababu leo nimeshika kalamu badala ya sindano. Nitaandika kwa namba, kama ulivyotuagiza mkutanoni, ili kila jambo lijibiwe peke yake, lisije likajificha nyuma ya jingine.

Kwanza nikukumbushe unachokijua. Kijijini kwetu msichana hudarizi mabega ya blauzi kwa uzi mwekundu. Akishakuwa mama wa watoto anahamia damu ya mzee, rangi ya heshima, isiyomwita mtu. Mjane hubaki na nyeusi, na akijitahidi sana ataongeza damu ya mzee kidogo ili asifanane na kunguru. Mjane akirudi kwenye nyekundu, watu husema amefungua lango kwa wachumba. Mimi ni mjane wa mwaka wa sita, Ndugu Mwenyekiti, na lango langu limefunguliwa na balbu.

Malalamiko yangu ni haya.

1. Balbu yenyewe. Zamani baraza letu la sindano lilikaa majumbani, leo kwangu, kesho kwa Aspazia, kila mtu na taa yake na masengenyo yake. Kamati yako ikaamua tuhamie ukumbini ili wageni wakipita watuone. Tukahama. Mkatuwekea balbu moja ya kubana matumizi, ya manjano kama kiini cha yai, ambayo chini yake nyekundu na damu ya mzee ni mapacha. Mimi nilichukua uzi wangu kutoka kapu la baraza, chini ya balbu hiyo hiyo, nikaamini ninachokiona. Nikadarizi majira yote ya baridi, wenzangu wakifuma soksi, mimi nikijaza mabega. Na kwa kuwa Kamati ilitangaza kwamba kazi za Maonyesho zifungiwe kabatini ukumbini ili tusiibiane mapambo, blauzi yangu haikuwahi kuona jua hata siku moja. Ufunguo wa kabati hilo ulikuwa mfukoni mwako.

Wanawake wa baraza letu, Ndugu Mwenyekiti, wanaweza kuliona tundu moja lililorukwa kwenye soksi ya mtu wakiwa bado mlangoni wanavua viatu. Hakuna aliyeona kitu. Aspazia, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, alikaa ubavuni pangu majira yote hayo akifuma soksi zake ndefu, akaniambia, "Shoga, hiyo rangi inakukubali, we endelea tu." Nikamshukuru, nikampa na kipande cha jibini. Kikulacho ki nguoni mwako, na mimi changu kilikuwa kikinisaidia kushika uzi.

2. Jua, pamoja na kanuni ya Kamati inayosema kila mshiriki avae kazi yake na kuzunguka uwanja. Asubuhi ya Maonyesho tulivalia chumba cha nyuma cha ukumbi, chini ya pacha wa ile balbu. Nikafunga kitambaa changu cheusi kichwani, nikajiona mjane safi, nikatoka. Mpiga fidla akakosea wimbo. Nikafuata macho ya watu, yakanipeleka mabegani kwangu mwenyewe, na huko nikakuta moto unawaka. Aspazia akasema kwa sauti ya kufika upande wa pili wa uwanja, "Jamani mpisheni, mama harusi huyo." Ningeweza kurudi ndani, ndiyo. Lakini kanuni yako inasema anayetoka kwenye mstari ameondolewa, nami sikuwa tayari kushindwa na soksi. Nikazunguka. Nilizunguka taratibu, kwa kuwa viatu vilinibana, na wala si kwa sababu nyingine yoyote iliyotajwa baadaye kisimani.

Kamati haikuishia hapo. Mlinipa ushindi wa kwanza katika kundi la Blauzi ya Bibi Harusi, kundi ambalo sikujiandikisha kwalo, na zawadi yake ikawa shuka la kitanda cha watu wawili. Kitanda changu ni cha mtu mmoja. Kile kikubwa nilimpa padri kwa ajili ya wageni wa kanisa, mwaka ule ule nilipomzika mume wangu Silvestru, kwa sababu nilikuwa nikiamka upande wangu tu na kukuta upande wa pili umetandikwa vile vile. Sasa nina shuka linalozidi godoro pande zote, na kila nikilikunja nalikunja kwa hasira.

3. Wageni. Mwenye macho haambiwi tazama. Jumatatu, kabla sijamaliza kukamua, alikuja Pamfil mfuga nyuki. Aliketi kwenye benchi langu na chupa ya asali kati ya miguu, akanieleza kwamba yeye hakoromi, na kwamba marehemu mkewe katika ndoa yao yote hakuwahi kulalamika. Sote tunajua marehemu alikuwa kiziwi. Nilimwambia blauzi ile ni makosa ya umeme. Akajibu, "Bi. Minodora, makosa mengine Mungu anayapitisha kwenye waya." Asali alikataa kuondoka nayo. Nimeila ili isiharibike.

Jumanne akaja Ilarion, yule dereva mstaafu wa treni. Yeye hakusema neno. Alikuta shoka, akaanza kupasua kuni bila kuombwa, kama desturi inavyomruhusu mwanamume mbele ya lango lililofunguliwa. Alipasua za majira ya baridi yajayo, akapasua za yanayofuata, na kwa kuwa haoni vizuri wala hajui kusimama pasipokuwa na stesheni, alipasua na ngazi ya banda la kuku. Kuku wangu sasa wanalala chini, wamenuna, na hawatagi. Nilimpa ugali na maziwa ya mgando, kwa ubinadamu tu. Alipoondoka alisema neno lake la kwanza na la mwisho: "Kesho?" Nikasema hapana. Nakiri nilijisikia vibaya kusema hapana kwa mtu mwenye jasho.

4. Familia. Mtu mmoja alipiga picha, picha ikafika Torino, Italia, kabla ya mimi kufika nyumbani. Binti yangu Marcela, anayefanya kazi huko, akapiga simu akilia. "Mama, wenzangu kazini wananiuliza baba wa kambo ni nani, niwajibu nini?" Nikamwambia hakuna mtu, ni balbu. Akaacha kulia, akaanza kucheka, akacheka mpaka na mimi nikacheka, jambo ambalo hatujalifanya pamoja tangu mazishi. Kisha akasema, "Mama, umependeza. Yaani rangi yote hiyo ya bure?"

Ndugu Mwenyekiti, swali hilo limeniuma kuliko ya kisimani yote. Niliweka simu chini nikakaa jikoni. Nimeuzoea weusi kama mtu anavyozoea kiatu kinachobana: unatembea nacho, unakwenda nacho kanisani, na siku ukikivua ndipo unapojua mguu ulikuwa unauma. Sikupenda kujua. Hasara hii nayo naiandika kwenye hesabu ya Kamati.

5. Wewe mwenyewe. Hapa naomba usome ukiwa umeketi.

Baada ya mzunguko kulikuwa na mashindano ya kufuma kisigino cha soksi. Nilikuwa naongoza. Donge langu la uzi likadondoka kutoka mapajani, likabingirika katikati ya watu, likapita meza za jibini, likaenda kutulia kwenye kiatu chako. Silaumu donge, uwanja wa kanisa umeinama. Ila desturi unaijua, na hata watoto wanaochunga bata wanaijua. Mwanamume akiokota donge la mwanamke halirudishi mpaka amemuuliza swali. Linaweza kuwa swali dogo. Anaweza kuuliza mvua itanyesha lini. Lakini lazima aulize, na wote husimama kusikia.

Wote walisimama. Uliinama, na goti lako hilo. Ukaliokota donge, ukaukusanya uzi uliotanda kwenye majani, ukauviringa vizuri, kwa mkato wa msalaba, kama marehemu Zamfira wako alivyokuwa akiuviringa. Mkeo nilifuma naye tangu usichana, naujua mkono wake, na sikujua kwamba alikufundisha. Ukanipa donge mkononi. Ukasema, "Bi. Minodora, uzi wako umeshika majani." Kisha ukaenda kuonja matango ya siki.

Hilo si swali, Ndugu Mwenyekiti. Hiyo ni taarifa.

Aspazia hakungoja hata ufike kwenye matango. "Shoga," akaniambia, "lango wazi, mgeni kapita zake." Watu wakacheka, na mimi nikakosea kisigino, soksi ikatoka na kisigino mbele kama pua. Nimetukanwa na balbu, nimetukanwa na jua, nikavumilia. Lakini kuokotewa donge na mtu ambaye mwaka wa nne huu anaunguza ugali wake mwenyewe hadi moshi tunauona kutoka kanisani, na mtu huyo asiwe na hata swali moja la kuniuliza, hilo linaivunja desturi ya babu zetu. Naitetea desturi. Nafsi yangu haimo.

Kwa hayo yote naomba Kamati itekeleze yafuatayo:

Balbu ya ukumbi iondolewe na iwekwe inayosema ukweli.

Ikishindikana, Maonyesho yajayo yafanyike usiku, ndani ya ukumbi, chini ya balbu ile ile, ili kijiji kizima kikosee pamoja nasi. Na kwa kuwa haitakuwa haki mtu akosee ukumbini kisha akasahihishwa njiani, misa, harusi na gulio navyo vihamie chini ya balbu hiyo, mpaka pasiwe na mtu Dealu Frasin anayeijua nyekundu ni ipi. Hapo heshima yangu itakuwa imerudi.

Litangazwe kwa kipaza sauti, siku ya gulio, kwamba mabega ya Minodora Hrițcu yalikusudiwa kuwa damu ya mzee, na kwamba damu yenyewe ni ya mzee kweli. Mwenye pingamizi aje na ushahidi.

Nijengewe ngazi ya kuku. Ilarion asihusishwe.

Shuka libadilishwe kwa la mtu mmoja, ama Kamati ieleze kwa maandishi ilikuwa na maana gani.

Na mwisho, mwanamume yeyote mwenye cheo katika Kamati atakayeokota donge bila kuuliza swali avuliwe cheo mpaka alifikirie.

Nisipojibiwa kabla ya baraza la kwanza la vuli, nitajitoa kwenye baraza, nitafuma peke yangu jikoni, na nitaondoka na birika langu, ambalo ndilo pekee lisilovuja. Sisemi kwa vitisho. Nasema kwa sababu siwezi kukaa tena chini ya macho yale nikiwa mwanamke aliyefungua lango, likapigwa na upepo tu.

Nisalimie padri na mkewe, wanawake wote wa baraza mmoja mmoja, mpiga fidla (mwambie wimbo ule hakuukosea sana), na ng'ombe wako. Aspazia usimpe salamu zangu. Anazisikia kupitia ukutani ninapoziandika.

Ni mimi, mwenye sindano na mwenye haki,
Minodora Hrițcu.

Tanbihi: Gavril, barua hii usiisome kwenye Kamati, na balbu usiiguse, haina kosa kubwa. Jana nilikwenda mjini nikanunua uzi mwingine. Nilitoka nao nje ya duka, jua la saa sita, nikauangalia mpaka muuzaji akadhani namwibia, na ni mwekundu. Naushona sasa hivi hapa dirishani, mchana kweupe. Jumapili baada ya misa nitakuwa nyumbani na kuna kabichi za kuviringisha, nyama ndani. Pita lango la mbele, Aspazia akuone vizuri. Na ukifika ukalisahau tena swali lako, usihangaike. Nitalijibu hivyo hivyo.